Jeli ya Dubai, biskuti za Kenya na kuku wa usiku: jibu kwa mwenye duka wa Makorora

Swali

"Assalaam alaykum mzee wangu, na shikamoo. Nina duka la vyakula hapa Makorora, Tanga. Wateja wangu karibu wote ni Waislamu wenzangu, na kila mmoja ana msimamo wake juu ya vyakula vya nje. Mama mmoja hanunui biskuti za Kenya hata zikiwa na alama ya halali, anasema hawajui waliozitengeneza. Mama huyohuyo anachukua jeli za watoto bila kuuliza, kwa sababu pakiti imeandikwa Kiarabu na imetoka Dubai. Bibi mmoja jirani anasema cha nje chote hakiliwi. Vijana hawaangalii chochote. Na sasa kuna mtu anataka kuniletea kuku wa barafu kwa bei nzuri, anakuja usiku, na boksi limeandikwa halali. Mimi muuzaji nishike lipi? Je, cha nje chenye alama ni salama kuliko cha hapa kisicho na alama?"

Jibu

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Marahaba.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yatafuata. Alama ya halali kwenye pakiti ni ushahidi. Kuna chombo kinachosema: tumekwenda, tumeona, tunashuhudia. Ushahidi huo una uzito kwa kadiri shahidi anavyoaminika, na una kazi pale tu ambapo jambo linahitaji shahidi. Chumvi haihitaji shahidi, itoke India au itoke hapa kwetu. Soseji inamhitaji, hata ikitengenezwa mtaa wa pili. Kwa hiyo kabla hujauliza kitu kimetoka nje au hapa, uliza ndani yake mna nini na nani anayejua. Ukienda hivyo utaona kuwa yule mama anaogopa pasipo na hatari kubwa, na ametulia palepale penye hatari.

Lakini usimlaumu haraka. Uhalali wa chakula ni sifa isiyoonekana kwa macho. Embe bovu utalijua ukilibonyeza, na samaki aliyelala utamjua kwa macho na mashavu yake. Soseji unaweza kuila miaka kumi usijue mnyama alichinjwaje, au kama alichinjwa. Mnunuzi hana njia ya kuhakiki, si kabla ya kula wala baada ya kula. Anachoweza ni kumwamini mtu. Na hapa Tanga imani hiyo siku zote imekuwa na sura ya mtu. Ng'ombe anatoka Handeni au Kilindi, anachinjwa machinjioni na mchinjaji anayejulikana kwa jina na kwa baba yake, nyama inauzwa na mwenye bucha ambaye Ijumaa mnasimama naye safu moja. Hakuna aliyedai cheti, maana kila hatua ilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Chakula cha kiwandani kimewaondoa watu hao wote mbele ya macho yetu. Mteja amebaki na pakiti mkononi, na kwa kuwa hana wa kumuuliza anatafuta dalili: maandishi ya Kiarabu, jina la nchi ya Kiislamu, picha ya msikiti au mwezi, kofia ya muuzaji, jirani ananunua nini. Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Watafiti wa Ubelgiji, Karijn Bonne na Wim Verbeke, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wao juu ya Waislamu wa nchi hiyo na nyama ya halali, wakaona kuwa watu walimtegemea zaidi mwenye bucha Mwislamu wa mtaani kwao kuliko maandishi ya kwenye pakiti za maduka makubwa. Wanaosomea tabia za wanunuzi hupenda kutumia nadharia ya Icek Ajzen ya mwaka 1991, inayosema kuwa nia ya mtu kufanya jambo hutokana na mambo matatu: analionaje yeye mwenyewe, wale anaowajali wanalionaje, na je, liko ndani ya uwezo wake. Waweke wateja wako humo na utawaelewa. Yule bibi ana msimamo wake mwenyewe na hana mtoto mdogo anayelilia pipi kaunta. Yule mama ana watoto, na wenzao wote shuleni wanakula jeli. Vijana wanadhani kila kinachouzwa Tanga kimekwisha kuchujwa na watu wazima, wakati watu wazima wenyewe hawajachuja kitu. Nawe muuzaji, utake usitake, ndiye "anayejaliwa" katika hesabu hiyo. Ukikiweka kitu rafuni, wengi wanahesabu kuwa umekwisha kukikagua.

Sasa tuje Dubai.

Sheria za nchi za Ghuba zinataka bidhaa ya chakula inayouzwa huko iwe na lebo ya Kiarabu. Kwa hiyo chokoleti ya Ulaya, tambi za Mashariki ya Mbali na jibini la popote vikipelekwa kule vinaandikwa Kiarabu. Maandishi yale yanakuambia bidhaa ilikusudiwa soko gani. Hayakuambii imetengenezwa wapi, wala na nani. Bandari ya Jebel Ali ni njia kuu ya mizigo, na vitu vya dunia nzima vinashushwa pale vikapakiwa tena kuja Mombasa, Dar es Salaam na kwetu. Tena wengi hawajui kuwa Dubai yenyewe ina supamaketi zenye sehemu maalumu ya nyama ya nguruwe kwa wasio Waislamu, na imeandikwa hivyo waziwazi. Nchi kuwa ya Kiislamu hakukifanyi kila kilichopita humo kuwa halali.

Sisemi dalili ile haina thamani kabisa. Nyama iliyoingia Ghuba kwa njia za sheria hudaiwa cheti cha uchinjaji wa Kiislamu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini cheti kinafuata mzigo ule, kwa soko lile. Mzigo ukigeuzwa njia, ukapita mikono mitatu ya madalali hadi kufika kwako bila karatasi, kilichobaki ni herufi tu. Na jambo jingine la kukumbuka kama mfanyabiashara: kwa kanuni za hapa Tanzania, lebo ya chakula inatakiwa iwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Pakiti yenye Kiarabu kitupu au Kichina kitupu kwenye rafu yako inaonyesha kuwa huenda haikupita mlango wa sheria. Mteja akiisifu kwa Kiarabu chake, wewe uiangalie mara mbili.

Biskuti za Kenya nitazimaliza haraka. Biskuti ya kawaida ni unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea, maziwa ya unga, chumvi, na kitu cha kuchanganya mafuta na maji. Mara nyingi kitu hicho ni lesithini ya soya, inayoandikwa E322. Cha kuangalia ni mafuta, kama yameandikwa ya mimea au "ya wanyama" tu, na namba E471, ambayo inaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya mnyama. Ikiwa pakiti ina alama ya chombo kinachojulikana, kama ofisi ya Kenya inayotoa vyeti vya halali, swali hilo limeulizwa na watu waliofika kiwandani. Mama yule anasema hawajui waliotengeneza. Ni kweli, hawajui. Lakini wa jeli anawajua?

Jeli ndiyo ya kukaa nayo.

Kinachoifanya jeli igande na itikisike, na kinachoifanya pipi laini ivutike mdomoni, mara nyingi ni jelatini. Wakati mwingine imeandikwa E441. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama: ng'ombe, nguruwe, wakati mwingine samaki. Ulaya sehemu kubwa ya jelatini ya chakula inatokana na ngozi ya nguruwe, kwa kuwa ndiyo rahisi na ya bei nafuu kwao. Sasa soma pakiti unayouza. Ikiwa imeandikwa "jelatini" tu, bila kusema ya mnyama gani, umeshika kitu kinachohitaji shahidi na shahidi hayupo. Na hata ikiandikwa ya ng'ombe, bado linabaki swali la ng'ombe huyo alichinjwaje.

Utakutana na mtu atakayekuambia jelatini imekwisha kubadilika, si ngozi tena, basi hukumu nayo imebadilika. Hoja hiyo ina wenyewe na si ya kudharauliwa. Mkutano wa wanazuoni na madaktari uliofanyika Kuwait mwaka 1995 chini ya jumuiya ya Kiislamu ya sayansi za tiba uliikubali: dhati ya kitu ikigeuka, hukumu inageuka. Kwa upande mwingine, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 lilisema jelatini ya nguruwe haimfalii Mwislamu. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, mlango wa kutahirika kwa kugeuka ni mwembamba: pombe ikigeuka siki yenyewe, na ngozi ya mzoga ikidibaghiwa, yaani ikitengenezwa kwa dawa za ngozi, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Mimi kazi yangu ilikuwa ubwana afya na ukaguzi wa vyakula, fatwa nawaachia masheikh. Lakini kwa muuzaji wa Makorora mwenye wateja wa Kishafi, sioni kwa nini awauzie watoto wao kitu ambacho kwa madhehebu yao wenyewe hakifai, halafu ategemee rai ambayo wao hawajaichukua wala hawajaambiwa.

Na hakuna dhiki inayomlazimu mtu. Jeli inaweza kugandishwa kwa karajinani, E407, au kwa aga, E406, na vyote hivyo vinatokana na mwani. Mwani wenyewe ndio huu ambao akina mama wa pwani ya Tanga na Unguja na Pemba wanaulima, wanaukausha na kuuuza kwa wanunuzi wanaousafirisha nje. Zipo jeli za aina hiyo sokoni, bei yake haipishani sana na hizo nyingine. Ukimwonyesha yule mama pakiti mbili, moja yenye jelatini isiyo na jina la mnyama na nyingine yenye karajinani, hutahitaji kumhutubia. Atachagua mwenyewe, na kesho atawafundisha wenzake.

Vilivyobaki rafuni nitavipitia kwa mkupuo. Mchele, sukari, unga, maharage, majani ya chai, tende, mafuta ya alizeti: asili yake ni halali, angalia ubora na tarehe. Samaki wa kopo hana suala la kuchinjwa, soma tu kilichotiwa pamoja naye. Jibini lina kimeng'enya cha kugandishia maziwa, ambacho kinaweza kutoka tumboni mwa ndama au kwa vijidudu vya maabara, na siku hizi cha vijidudu ni kingi. Rangi nyekundu ya E120 inatokana na wadudu, na wanazuoni wametofautiana juu yake. Vile vipande vya kuponda mchuzini vyenye ladha ya kuku au ng'ombe uviweke kundi moja na nyama mpaka alama ikuambie vinginevyo.

Sasa alama zenyewe. Neno "halali" ndani ya duara, bila jina la aliyelitoa, ni neno la mwenye kiwanda anayejisifia mali yake. Alama ya kweli ina jina la chombo. Hapa bara vyeti vinatolewa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, Zanzibar iko Ofisi ya Mufti, Malaysia ni JAKIM, Singapore ni MUIS, Indonesia kwa miaka mingi ilikuwa MUI na sasa cheti kinatolewa na chombo cha serikali, BPJPH, kutokana na sheria ya mwaka 2014. JAKIM huchapisha orodha ya vyombo vya nchi nyingine inavyovitambua, nayo inasaidia sana ukikutana na alama ngeni ya Brazili au Australia. Vyombo vingi vikubwa vina tovuti unayoweza kuandika jina la bidhaa ukaona kama cheti chake kipo na kama hakijaisha. Simu unayo mkononi.

Usichanganye pia alama ya TBS na alama ya halali, kosa ambalo wateja wengi wanalifanya. TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa vyakula, kazi iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Inakuambia kitu kimekidhi kiwango. Haikuambii juu ya uchinjaji.

Na je, shahidi mkubwa hakosei? Hukosea, na hudanganywa. Mwanzoni mwa mwaka 2001 Indonesia ilitikisika kwa kiungo cha Ajinomoto. Ndani ya kiungo chenyewe hakukuwa na nguruwe. Ila wale bakteria wanaokizalisha walikuwa wamekuzwa kwenye chakula kilichotayarishwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. MUI ikasema haifai, Rais Abdurrahman Wahid, ambaye naye alikuwa mwanazuoni, akasema inafaa, bidhaa zikaondolewa madukani, kampuni ikabadilisha kimeng'enya na kupata cheti upya. Malaysia, Mei 2014, Wizara ya Afya ilitangaza kuonekana kwa chembe za vinasaba vya nguruwe katika aina mbili za chokoleti za Cadbury. Watu wakaghadhibika, wengine wakataka vita dhidi ya kampuni. Juni JAKIM ikatangaza kuwa vipimo vya sampuli nyingine, zilizochukuliwa kiwandani, havikuonyesha kitu. Na Desemba 2020 nchi hiyohiyo iliamka na habari ya ghala la Johor, ambako ilidaiwa nyama ya nje isiyo na cheti ilikuwa ikipakiwa upya na kubandikwa alama za halali za uongo.

Wapo wanaosikia visa hivi wakasema, basi alama zote ni uongo. Mimi nasoma kinyume chake. Nchi zile zilikuwa na mtu wa kupima, wa kuuliza, wa kutangaza na wa kufungia. Sisi kimya chetu kisitudanganye kuwa ni usalama, maana huenda hakuna aliyepima. Kisa cha Johor kina somo jingine la moja kwa moja kwako: alama inaweza kuwa ya chombo cha kweli, ila boksi na nyama vikawa havijuani.

Hapo tunafika kwa kuku wako wa usiku.

Brazili ndiyo nchi inayouza kuku wengi wa halali kuliko nyingine duniani, na viwanda vyake vinavyouza Ghuba vina wachinjaji Waislamu na wasimamizi. Kwa hiyo kuku wa Brazili si haramu kwa kuwa ni wa Brazili. Yapo mambo ambayo wanazuoni wameyachunguza kwa kina, hasa mashine na umeme. Baraza la Fiqhi katika kikao cha Jeddah mwaka 1997 lilisema kuku wasizimishwe kwa umeme kabla ya kuchinjwa, kwa kuwa imeonekana idadi si ndogo hufa kabla ya kisu. Lilisema pia kuwa nyama inayotoka nchi ambazo wengi wao si Waislamu wala Watu wa Kitabu haifai, ila ikithibiti kuwa imechinjwa kisheria chini ya usimamizi wa chombo cha Kiislamu. Unaona uzito wa karatasi katika mlango huu? Kwenye vyakula vingine asili ni uhalali mpaka ubaya uthibiti. Kwenye nyama wanazuoni wengi wanasema mpaka uchinjaji uthibiti. Mtume (s.a.w.) alimwambia Adiy bin Hatim kuwa akimwachia mbwa wake wa mawindo, akamkuta na mbwa mwingine juu ya windo, asile, kwani hajui ni yupi aliyeua.

Atakayekuletea boksi atakusomea hadithi ya Bi Aisha (r.a.): watu walisema, hutuletea nyama watu ambao hatujui kama wamelitaja jina la Mwenyezi Mungu, na Mtume akawaambia walitaje wao na wale. Hadithi ni sahihi, iko kwa Bukhari, na ni rehema kubwa. Inatuzuia kumpekua Mwislamu mwenzetu kila anapotukaribisha sahani. Lakini wale waliokuwa wakileta nyama walikuwa Waislamu wanaojulikana, wapya katika dini, na shaka ilikuwa juu ya kutaja jina tu. Haikuwa nyama isiyo na mwenyewe, iliyoshushwa gizani na mtu ambaye kesho simu yake haipatikani.

Na liko jambo la sheria ya nchi, lililo wazi kuliko yote. Tanzania bara ilipiga marufuku uingizaji wa kuku na mazao yake mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na msimamo huo umesimamiwa kwa ukali. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa Namanga, mpakani. Tanga tunazo njia mbili za kishawishi: mpaka wa Horohoro kwa nchi kavu na majahazi kwa bahari. Kuku aliyepita njia za panya ameganda, ameyeyuka ndani ya jahazi au chini ya turubai, ameganda tena kwenye friza la mtu mwingine. Qur'ani katika Al-Baqarah aya ya 168 inataka tule kilicho halali na kizuri, vyote viwili kwa pamoja. Nyama iliyoyeyuka na kuganda mara mbili katika joto la Tanga inazaa vijidudu, na vijidudu havisomi maandishi ya boksi. Katika miaka yangu ya ukaguzi niliona familia zikilazwa kwa kuharisha baada ya karamu kwa nyama ya namna hii. Usimchukue huyo kuku, mwanangu. Hata kwa bei ya bure.

Lakini sitaki ufunge mlango wa nje ukadhani ndani kumesafika. Uliuliza kama cha hapa kisicho na alama ni duni. Kukosa alama hakufanyi kitu haramu. Mama anayekaanga visheti au kuoka mikate ya sinia nyumbani hana fedha ya cheti wala hahitaji, unamjua na jiko lake unalijua. Ila kuku wa kisasa wa hapahapa tunawala kwa imani kupita kiasi. Pita mahali wanapochinjwa kwa wingi, hasa siku za sikukuu, uangalie. Kijana anakata shingo kumi kwa mkupuo, na kuku angali anapapatika anatumbukizwa kwenye maji ya moto ili manyoya yatoke upesi. Aliyekufa kwa kisu ni yupi na aliyekufa kwa maji ni yupi? Tunaihoji Brazili iliyo ng'ambo ya bahari, na huyu aliye hatua mia kutoka msikitini hatumuulizi. Ukitaka kuuza kuku wa hapa, nenda wewe mwenyewe alfajiri moja, simama, tazama. Mwambie mchinjaji aache roho itoke kabisa kabla ya maji. Ukimlipa nyongeza kidogo kwa kila kuku atakubali, nawe utakuwa na jibu la kumpa mteja.

Kuhusu bibi jirani, mheshimu. Mtu anayejiepusha na chenye shaka kwa ajili ya dini yake amefuata hadithi ya Nuuman bin Bashir, kuwa halali iko wazi, haramu iko wazi, na baina yake mna mambo yanayofanana ambayo wengi hawayajui, na mwenye kuyaepuka amejisalimisha. Hiyo ni taqwa yake. Asichoweza ni kuwaambia wengine kuwa cha nje chote ni haramu, kwa sababu katika Surat An-Nahl aya ya 116 tumekatazwa kusema kwa ndimi zetu hiki halali na hiki haramu bila ujuzi. Usibishane naye mbele ya wateja. Mwuzie tende. Nazo zinatoka nje, na sidhani kama Ramadhani anafuturu bila tende.

Kwa duka lako, anza na muuzaji wa jumla. Kila kitu chenye nyama, jelatini au jibini mwombe nakala ya cheti, uangalie jina la bidhaa lililoandikwa ndani, kwa kuwa wengine huonyesha cheti cha biskuti kuuzia soseji. Angalia na tarehe ya mwisho. Nakala hizo ziweke kwenye faili chini ya kaunta, mteja akiuliza mwonyeshe. Usichapishe stika yako mwenyewe ya halali ukabandika rafuni, maana hapo utakuwa umejitwika ushahidi wa vitu usivyoviona. Na usione haya kusema "hiki sikijui". Mteja akisikia neno hilo mara moja kwa kitu kimoja, ataamini unaposema "hiki nakijua". Vijana nao waachie kazi: wape pakiti, waambie wakutafutie kwenye simu ile alama ni ya nani. Hiyo wanaiweza kuliko sisi.

Zimebaki jeli zilizomo dukani sasa hivi. Ziondoe rafuni leo, zisikae na pipi nyingine. Mpigie aliyekuuzia, umuulize jelatini yake ni ya mnyama gani na cheti kiko wapi. Akileta cheti cha chombo kinachojulikana, zirudishe rafuni. Asipoleta, zirudishe kwake udai fedha yako au ubadilishiwe kwa zile za mwani. Akikataa vyote viwili, mpelekee imamu wa msikiti wako pakiti moja na maelezo haya, naye akuongoze la kufanya na zilizobaki. Usiziuze kwa bei ya kutupa ili zikutoke mkononi, kwa sababu watakaozikimbilia kwa bei hiyo ni watoto wa wale ambao hawana uwezo wa kuchagua.